Mpambaji ametoweka na arbuni ya harusi ya mdogo wangu: naidai kwa njia gani?

Dada Mkubwa (mwanzilishi wa uzi), Januari 4

Hamjambo ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, kwa sababu jambo hili lina mambo mengi ndani yake na sitaki kuficha hata moja, hasa yale ambayo huenda yakanielemea mimi mwenyewe.

Mdogo wangu aliolewa Jumamosi ya pili ya Desemba katika bustani moja kando ya Barabara ya Ngong hapa Nairobi, nami nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Mwezi wa Agosti tulipatana na mpambaji mmoja, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lililo karibu na River Road, kwamba angetuletea mahema mawili, viti 250 vilivyovishwa vitambaa, meza ya maharusi, upinde wa maua na zulia la njia ya bibi harusi, vyote kwa shilingi 200,000. Alitaka alipwe asilimia 60 kama arbuni, yaani malipo ya awali, kabla ya kutuwekea tarehe. Nilimtumia shilingi 70,000 siku hiyohiyo na 50,000 mwishoni mwa Septemba, zote kwa M-Pesa, na zote kwa namba yake ya simu ya kawaida badala ya namba ya biashara. Alituandikia stakabadhi kwa jina la mdogo wangu, akaigonga mhuri, na chini kabisa kulikuwa na maneno ya herufi ndogo yanayosema kwamba malipo ya awali hayarudishwi.

Hadi katikati ya Novemba alikuwa akijibu vizuri, na hata alitutumia picha za vitambaa ili mdogo wangu achague rangi. Siku tisa kabla ya harusi nilimpigia kumuuliza lori lingefika saa ngapi, simu ikaita bila kupokelewa. Kesho yake ilikuwa imezimwa. Siku ya tatu nilipanda ngazi hadi ofisini kwake nikakuta kufuli mlangoni, na juu ya kufuli barua ya mwenye jengo akidai kodi ya miezi miwili. Nilikuwa na daftari la michango mkononi. Nililifungua palepale ngazini, nikawa nayasoma majina: shangazi yetu wa Kariobangi aliyetoa 500, akina mama wa chama cha mama yetu waliochanga 15,000 kwa awamu tatu, jirani aliyetuma 200 na kuomba radhi kwa udogo wake. Hizo ndizo pesa zilizokuwa nyuma ya ule mlango.

Ilitubidi tutafute mpambaji mwingine ndani ya siku chache, tena Desemba, wakati mahema ya mjini yote yameshikwa. Alitutoza shilingi 240,000, nasi hatukuwa na nafasi ya kuvutana naye bei. Bwana harusi alikopa kwenye sako yake, yaani chama chake cha akiba na mikopo. Sherehe ilifana na wageni hawakujua lolote.

Mpambaji wa kwanza alijitokeza Desemba 28 kwa ujumbe mfupi wa WhatsApp. Alisema kwamba alipatwa na matatizo ya kifamilia, kwamba depositi hairudishwi kama stakabadhi inavyoeleza, na kwamba yuko tayari kutufanyia kazi nyingine siku nyingine. Mdogo wangu hana harusi nyingine ya kufanya.

Nataka kujua iwapo maneno yale ya stakabadhi yanalimaliza jambo hili. Nataka pia kujua nani hasa anayepaswa kudai, kwa sababu pesa zilitoka kwenye simu yangu ilhali jina lililo kwenye stakabadhi ni la mdogo wangu. Na je, mahali pa kwenda ni kituo cha polisi au ni kortini?

Kijana wa Pipeline, Januari 4

Pole sana dada, inauma. Mimi ningeweka picha yake na namba yake kwenye kila kundi la harusi ninalolijua, nikaandika kwamba ni mwizi, halafu ningeenda polisi ili akamatwe. Watu wa aina hii hawaelewi barua, wanaelewa pingu.

Karani Mstaafu, Januari 5

Dada Mkubwa, poleni kwa yaliyowapata. Nilifanya kazi katika masjala ya mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mimi si wakili, kwa hiyo nipokee kama mtu aliyeona majalada mengi yakiingia na kutoka.

Nianze na yale maneno yanayokutisha. Hiyo tunayoiita depositi ndiyo arbuni ya Waswahili wa zamani, yaani pesa ya kumfunga mnunuzi asigeuke. Mpambaji anapokushikia Jumamosi ya Desemba huwakataa watu wengine waliotaka siku hiyo, na wewe ukibadili nia wiki moja kabla, yeye ndiye anayebaki na siku tupu. Katika hali hiyo ana hoja anaposema hairudishwi. Katika habari yako, hata hivyo, aliyegeuka ni yeye. Mtu hawezi kuvunja mapatano kwa mkono wake mwenyewe kisha akajikinga kwa kipengele kilichowekwa ili wewe usiyavunje. Sheria yetu ya mikataba hapa Kenya, ambayo kwa sehemu kubwa tuliirithi kutoka Uingereza, inalitambua dai la mtu aliyelipia kazi ambayo haikufanyika kabisa: aliyezipokea pesa hizo hana msingi wa kubaki nazo. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasimama hata pale ambapo mfanyabiashara amekufanya uandike kwamba umeziacha haki zako.

Kisha tazama hesabu yako, kwa sababu naona unawaza 120,000 peke yake. Kama mpambaji angetimiza ahadi, harusi ingewagharimu 200,000 kwa upande wa mapambo. Mmetoa 120,000 kwake na 240,000 kwa wa pili, jumla 360,000. Hasara yenu ni 160,000, yaani arbuni pamoja na ile 40,000 mliyoongezewa kwa sababu mlitafuta mtu wa dharura. Mradi mapambo ya pili yalikuwa ya kiwango kilekile mlichokuwa mmepatana na wa kwanza, dai hilo ni halali. Kama mlijiongezea maua ya kifahari au viti zaidi, itoe tofauti hiyo wewe mwenyewe kabla hajaitoa yeye mbele ya mwamuzi.

Kuhusu polisi, sipingani na kijana wetu kwa hasira yake, ila njia hiyo haifiki anakodhani. Kupata pesa kwa hila ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufika miaka mitatu gerezani. Lakini kifungu cha 312 kinaeleza kwamba hila yenyewe ni uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo wakati ule. Ahadi ya jambo lijalo, hata ikivunjwa vibaya, peke yake haitoshi. Kama alikudanganya kwamba anayo mahema ambayo hayakuwapo, au alikupa jina la uongo, nenda ukaandikishe katika kitabu cha matukio ukachukue namba. Kama alikuwa mpambaji wa kweli aliyelemewa akakimbia, ofisa atakwambia hilo ni deni, na atakuwa amesema sawa. Na hata mtu akifungwa, kifungo chake hakiwarudishii pesa.

Kumtangaza kuwa mwizi kabla mahakama yoyote haijasema hivyo ni kumpa silaha. Leo wewe ndiye mdai. Ukimchapa jina hadharani, kesho yeye atakuwa mdai wa kashfa, na kesi yako itageuka kuwa kesi mbili.

Mahali pako ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya 2016, ikaanza kazi Milimani mwezi wa Aprili 2021, na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya bidhaa na huduma. Unaweza kujisimamia bila wakili. Mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi zinazotumika katika mahakama nyingine. Sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na uamuzi utolewe siku ileile au ndani ya siku tatu baada ya kusikilizwa. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, kwa hiyo mdaiwa hawezi kukuzungusha miaka mitano akibishana idadi ya viti.

Kuhusu mdai, andikeni majina yote mawili, lako kama mtu aliyelipa na la mdogo wako kama mtu aliyefanyiwa mapatano. Wachangaji hawahusiki; wao waliwapa maharusi zawadi, na hawakupatana lolote na mpambaji.

Mpambaji wa Umoja, Januari 5

Naomba niseme neno kwa upande wa wapambaji, bila kumtetea huyo aliyekimbia.

Nimo katika kazi hii kwa mwaka wa kumi na moja. Wengi wetu hatumiliki mahema. Tunayakodi kwa mwenye mahema, ambaye naye hudai chake mapema. Vitambaa tunavinunua Eastleigh, maua tunayachukua City Market au moja kwa moja kwa wakulima, na vijana wa kufunga hulipwa usiku uleule wa kazi. Ndiyo maana tunaomba arbuni kubwa. Mteja anayesema tumwamini hadi siku ya harusi hajui kwamba sisi wenyewe hakuna anayetuamini.

Lakini nitasema ukweli ambao wenzangu hawapendi kuusema. Mpambaji anayetoweka Desemba kwa kawaida alianza kuanguka mwezi wa Agosti. Anachukua arbuni yako, anaitumia kumalizia harusi ya wiki hii ambayo mwenyewe hajamaliza kulipa. Kisha anachukua ya mwingine ili aifanye yako. Ni kufukia shimo kwa kuchimba jingine, na siku moja anapokosa mteja mpya, mashimo yote yanabaki wazi kwa pamoja. Barua ya kodi mlangoni ilikuwa inasema hivyo hivyo. Kwa hiyo dada, usikae sana. Huenda hamko peke yenu, na anayefika kortini mapema humkuta mdaiwa akiwa bado na kitu.

Na kwa wanaotafuta mpambaji sasa hivi: malipo ya pili yafungeni kwenye kitu cha kuonekana. Mwambie akuonyeshe stakabadhi ya mwenye mahema, au vitambaa vyenyewe vikiwa vimeshonwa. Mimi wateja wangu huwapeleka stoo wakavishike. Anayekataa kuonyesha kitu alichokinunua kwa pesa zako, mara nyingi hajakinunua.

Bibi Harusi Mtarajiwa, Januari 6

Shikamoo mzee Karani. Yangu imegeuzwa upande wa pili. Harusi yetu tumeiahirisha sisi wenyewe, kwa msiba, na mwenye ukumbi anabaki na shilingi 90,000 tulizolipa. Bado ilikuwa miezi minne. Je, nami naweza kudai?

Karani Mstaafu, Januari 6

Marahaba, na poleni kwa msiba.

Hoja yako ni dhaifu kuliko ya Dada Mkubwa, lakini haijafa. Mliogeuka ni nyinyi, kwa hiyo arbuni inafanya kazi iliyokusudiwa. Hata hivyo mahakama hutofautisha kiasi kinacholingana na hasara ambayo ingetarajiwa kwa haki na kiasi kilichowekwa ili kumwadhibu anayejitoa. Ukumbi ulioarifiwa miezi minne mapema una muda wa kutosha wa kupangishwa mtu mwingine. Mwandikie mwenye ukumbi kwa adabu umwombe akupe hesabu ya hasara yake, na umuulize kama tarehe ile imeshachukuliwa. Kama imechukuliwa, amelipwa siku moja mara mbili. Mara nyingi swali hilo peke yake hufungua mlango wa kuhamishiwa malipo kwenye tarehe mpya, na kwenu nyinyi mnaotaka bado kuoana, hilo lina faida kuliko kesi.

Mama wa Kasarani, Januari 7

Na mpiga picha aliyelipwa kila kitu na hajatoa picha kwa miezi minane? Mwingine aliniambia nimechelewa kudai.

Karani Mstaafu, Januari 7

Hujachelewa. Dai la mkataba lina miaka sita. Ila wewe unataka picha kuliko pesa, na mahakama hii kazi yake kubwa ni pesa. Mwandikie umpe siku 14 za kukukabidhi faili zote katika diski, na useme wazi kwamba baada ya hapo utadai gharama yote. Mpiga picha mwenye faili huzitoa akiona tarehe.

Dada Mkubwa (mwanzilishi wa uzi), Januari 9

Nawashukuru nyote, na kijana wa Pipeline pia, kwa sababu hasira yake ilikuwa hasira yangu kabla sijalala.

Nimepiga *334# nikaomba taarifa kamili ya M-Pesa ya miezi ile. Ilikuja kwa baruapepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Nilipoifungua niliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu Agosti. Stakabadhi ina jina la biashara lenye neno la maua ndani yake, lakini ujumbe wa M-Pesa wa malipo yote mawili unamtaja mpokeaji kwa jina lake la kuzaliwa. Nimepekua jina la biashara katika usajili wa biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikakuta limesajiliwa, na mmiliki ni mtu yuleyule wa kwenye M-Pesa. Nilipoyaona majina mawili yakilingana nilikaa chini.

Barua ya madai niliipeleka jana kwa WhatsApp, kwa baruapepe, na nakala nikaipenyeza chini ya mlango uleule wa ghorofa ya tatu. Naiweka hapa bila majina, kwa sababu wawili wameniandikia faraghani wakiiomba:

"Tarehe fulani ya Agosti ulikubali kutoa mahema mawili, viti 250, meza ya maharusi, upinde wa maua na zulia kwa harusi ya Jumamosi ya pili ya Desemba, kwa shilingi 200,000. Ulipokea shilingi 70,000 na shilingi 50,000 kwa M-Pesa, kama namba za miamala zilizoambatishwa zinavyoonyesha. Hukuleta kitu chochote na hukutoa taarifa. Tulilazimika kumlipa mtu mwingine shilingi 240,000 kwa kazi ileile. Tunadai shilingi 160,000, zilipwe ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Kipengele cha kutorudisha malipo hakikuhusu hali ambayo wewe mwenyewe hukutimiza mapatano. Usipolipa, tutafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo bila kukuarifu tena, na tutadai pia riba na gharama."

Nilikuwa nimeandika aya nyingine ndefu kuhusu machozi ya mdogo wangu. Mume wangu aliisoma akaniambia niiondoe, kwa sababu mwamuzi akiisoma barua hii siku moja atafute deni alione. Niliiondoa, ingawa kila neno lake lilikuwa kweli.

Karani Mstaafu, Januari 9

Mumeo angefaa masjala. Barua ni nzuri.

Mambo mawili kabla ya siku 14 kwisha. Jina la biashara lililosajiliwa si mtu kama kampuni ilivyo mtu mbele ya sheria. Nyuma yake yuko mwenyewe, kwa hiyo ni salama zaidi kumwandika yeye kwa jina lake kamili, kisha "anayefanya biashara kwa jina la" ndipo jina la maua lifuate. Ingekuwa kampuni, ungeishtaki kampuni yenyewe, na ungeomba hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Nimeona watu wakishinda kesi dhidi ya jina lililoandikwa kwenye bango la duka, kisha dalali wa mahakama anakwenda kukamata mali na hamwoni mwenye jina hilo.

La pili ni mazungumzo ya WhatsApp. Usichague vipande. Yatoe yote tangu salamu ya kwanza, yenye tarehe na namba, uyachapishe, na uandike ukurasa mmoja unaoeleza kwamba yametoka kwenye simu yako na hukuyabadilisha. Sheria yetu ya Ushahidi ina cheti cha namna hiyo katika kifungu cha 106B, na ingawa mahakama hii hailazimishi kila utaratibu, karatasi hiyo humfunga mdomo anayetaka kusema umeyatunga.

Dada Mkubwa (mwanzilishi wa uzi), Februari 12

Siku 14 zilipita. Alijibu mara moja, siku ya 11, akisema angetutumia 30,000 "kwa ubinadamu" ikiwa tungeandika kwamba hatumdai tena. Tulikataa kwa maandishi, kwa upole.

Tulifungua shauri kwa njia ya mtandao wa mahakama mwishoni mwa Januari. Kujaza hati kulinichukua jioni mbili, nyingi yake ikiwa ni kupakia viambatisho vilivyokataa kwa sababu nilivipiga picha vibaya kwa simu. Nilipovipeleka kwa kijana wa saiba mjini akaviskani upya, vilipita vyote. Ninalisema hili kwa sababu nilikaribia kukata tamaa kwa kitu kidogo cha namna hiyo.

Samansi, yaani hati ya kumwita mdaiwa kortini, ilinitia wasiwasi, kwani ofisi yake imefungwa na anapoishi hatupajui. Mzee Karani alinieleza kwa ujumbe kwamba tangu 2020 kanuni za mashauri ya madai zinaruhusu samansi kupelekwa kwa baruapepe na kwa programu za ujumbe wa simu, kwa anwani na namba ambayo mtu ameitumia mara ya mwisho. Mpeleka samansi aliituma kwa namba ileile iliyotuandikia Desemba 28. Alama mbili za buluu zilionekana baada ya dakika nne. Mpeleka samansi ameapa hati ya kiapo akiambatisha picha ya alama hizo.

Kijana wa Pipeline, Februari 12

Dada, nilisema barua hawazielewi. Naona nilikosea, na naendelea kusoma hapa.

Dada Mkubwa (mwanzilishi wa uzi), Machi 3

Tulifika Milimani jana saa mbili asubuhi, mimi na mdogo wangu. Yeye alikuwa amevaa pete na kushika faili kifuani kama mtoto wa shule. Mpambaji alikuja. Sikutarajia. Alikuwa amekonda, na alipotuona alisimama kwanza kabla ya kutusalimu.

Tukiwa bado nje ya chumba alituomba tuzungumze. Alisema aliyoyasema Mpambaji wa Umoja humu, karibu kwa maneno yaleyale: kwamba pesa zetu zilimalizia harusi za Septemba, kwamba mwenye mahema alimnyima mahema kwa deni, kwamba alizima simu kwa sababu hakuwa na la kusema. Mdogo wangu alimwuliza swali moja tu, kwa nini hakutuambia tukiwa bado na wiki mbili mkononi. Hakujibu. Nadhani hilo ndilo lililotuumiza kuliko pesa, kwa sababu wiki mbili zingetosha kumpata mtu wa bei ya kawaida, na ile 40,000 isingekuwapo.

Tulipoingia tulimweleza mwamuzi kwamba tumepatana. Mpambaji alikubali kulipa 160,000 yote: 60,000 siku hiyohiyo, 50,000 kufikia mwisho wa Machi na 50,000 kufikia mwisho wa Aprili. Sisi tuliacha riba na gharama. Mwamuzi aliyasoma mapatano hayo kwa sauti, akamuuliza mpambaji kama anayaelewa na kama kuna aliyemlazimisha, kisha akayaandika kuwa amri ya mahakama, pamoja na sharti kwamba akikosa awamu moja, salio lote litadaiwa kwa pamoja na tunaweza kuomba utekelezaji. Yote yalichukua muda mfupi kuliko foleni ya mlangoni.

Baadhi yenu mtasema tungemng'ang'ania na riba. Tulilifikiria. Mtu aliyefungiwa ofisi kwa kodi hana mali nyingi ya kukamatwa, na dalali wa mahakama naye ana ada yake. Tulichagua pesa inayofika.

Mpambaji wa Umoja, Machi 3

Mmefanya vyema. Akikosa awamu ya Machi, msimpigie simu ya kumbembeleza. Nendeni masjala siku ya kazi inayofuata.

Dada Mkubwa (mwanzilishi wa uzi), Aprili 30

Ya Machi ililetwa siku mbili kabla ya tarehe. Ya Aprili imeingia leo saa kumi na moja jioni, nikiwa ndani ya matatu ya kurudi Donholm: shilingi 50,000, na jina lilelile la kuzaliwa ambalo nililisoma kwenye ujumbe wa Agosti, safari hii likiwa upande wa mtumaji.

Nimemhamishia mdogo wangu zote, naye amesema mumewe atazipeleka kwenye sako kesho asubuhi. Katika daftari la michango, ukurasa wa matumizi, mstari wa mapambo ulikuwa na alama ya kuuliza niliyoiweka Desemba kwa kalamu nyekundu. Nimeikata, nikaandika pembeni yake 200,000.

Mzee Karani, mama yetu ameuliza unakaa wapi. Nimemwambia sijui, na kwamba huenda hutaki kujulikana. Basi salamu zake nazileta hapa.

Karani Mstaafu, Aprili 30

Nimezipokea, binti. Omba masjala wakuandikie kwenye jalada kwamba deni limelipwa lote, ili naye asiwe na shauri lililo wazi kwa jina lake, kisha lifungwe.